Usukani Mzito Mpaka Kahe

Tangu nirudi hapa Tunduma mmekuwa mkipita dukani mmoja mmoja, mnaegemea kaunta, mnauliza: "Mzee Kalisti, kwani ilikuwaje huko? Mbona ulitoka umevimba kichwa na umerudi mpole? Na mbona siku hizi ukiendesha unaongea peke yako?" Nimechoka kusimulia vipande. Huyu amesikia habari ya viazi, yule ya samli, na kila mmoja ameondoka na uongo wake. Nimekaa nikaandika yote. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka maandishi mazuri akayatafute kwa walimu. Hapa kuna safari tu, namna ilivyokwenda.

Mambo ya kununua gari na karatasi zake siyasemi, yanachosha. Jueni tu kwamba ni pikapu ya Kijapani, imetumika lakini imetunzwa, na ni gari langu la kwanza kwa jina langu.

Na jueni jambo moja la nyuma, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sikugeuza njiani. Mama yangu wa Kibosho, alipokuwa msichana, alikuwa akishuka kwa miguu hadi soko la Kahe, kule tambarare chini ya Moshi. Alibeba ndizi kichwani na kibuyu cha samli mkononi, akarudi na chungu, kwa sababu kwetu juu hatufinyangi. Akaolewa, akazaa, akaacha kushuka. Lakini Kahe haikumtoka. Sisi watoto tukiwa tumejikunyata jikoni asubuhi za ukungu, yeye alikuwa akisema, "Saa hizi Kahe kuna jua." Alisema hivyo kila Julai ya maisha yangu ya utoto.

Siku nilipoondoka kwenda kuwa utingo wa lori nilimwambia, "Mama, nitarudi na gari langu mwenyewe, nitakupeleka Kahe umekaa mbele." Ningesema "gari" tu ingetosha, gari lolote lingemfikisha. Nilisema langu mwenyewe, na neno langu huwa silirudishi. Mnajua Wachaga na Krismasi. Mtu asipoonekana kwao Desemba, watu huuliza kama yuko jela. Nilikwenda kwa basi kumzika baba, siku ya tatu nikaondoka. Baada ya hapo Krismasi tisa zilipita nikiwa hapa nyuma ya kaunta, nawauzia ninyi misumari, nasubiri gari. Mwaka huu mdogo wangu Aloisi akapiga simu duka la jirani: "Kaka, mama anasema kama ni Kahe, ni mwaka huu. Na macho yamefunga utando, sasa anaona mwanga na kivuli tu."

Gari lilikuwa limeshafika, liko uani; nikaanza kujiandaa.

Jioni moja kabla ya safari nilifungua boneti. Kile kikopo kidogo cha oili ya stelingi kilikuwa kimepungua. Nikachungulia, nikaona oili yenyewe nyembamba kama maji. Nikafungua mpira wa chini, nikaimwaga yote, nikajaza oili ya maana kwa mkono wangu, nikakaza kifuniko. Nikalala nimeridhika.

Tunduma hadi Chimala

Tuliondoka alfajiri, mimi na mke wangu, Mama Tumaini, ambaye wote mnamjua na ulimi wake. Baridi ya Tunduma ilikuwa ya kukata masikio. Kona ya kwanza tu, usukani ukanigomea. Niliuzungusha kwa mabega, na huko mbele kukatoka mlio mwembamba, mrefu, kama nguruwe anayevutwa mguu.

"Baba Tumaini, gari linalia."

"Linakuamkia shikamoo."

"Basi liambie marahaba, linyamaze."

Halikunyamaza. Mpaka Uyole nilikuwa natoka jasho kwenye baridi ile. Tukasimama kwa mjaza upepo, mtu wa makamo mwenye kidole gumba kikubwa kama kijiko cha pilau. Akakandamiza tairi za mbele.

"Mzee, zimelala hizi. Tairi ikikosa upepo inakaa chini na tumbo lote, inang'ang'ania lami. Utageuzaje?"

Akajaza. Tukateremka kuelekea bonde la Usangu, jua likatoka, joto likapanda, na nilipofika Chimala usukani ulikuwa umelainika. Tukala wali wa kule, unaonukia kabla haujafika mezani, na samaki wa mchuzi. Nilimsifu mjaza upepo kwa kila mtu mle hotelini. Mama Tumaini alikuwa akitoa miiba tu.

Makambako

Mvua ilitukamata Makambako, tukalala. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nikawasha gari uani pale gesti. Yule nguruwe akaanza tena. Nikatoka taratibu, nikakata kulia kuingia barabarani, na usukani ukakwama nusu ya kona kama umeshikwa na mtu. Kabla sijakanyaga breki, tairi la mbele lilikuwa limepanda juu ya mafungu ya viazi ya mama mmoja wa sokoni.

Akasimama, mikono kiunoni. "Mzee mzima! Saa moja hii umeshakunywa?"

"Sijanywa! Ni usukani mgumu!"

"Usukani Mgumu ndiyo pombe gani hiyo? Ya huko kwenu?"

Watu wakacheka. Mama Tumaini naye akacheka, sikumsamehe mpaka Iringa. Nilinunua viazi vyote, vizima na vilivyopondeka, gunia zima. Kwa hiyo mnaosema nilipeleka viazi uchagani kama zawadi, sasa mnajua zawadi ile ilitoka wapi.

Yule mama, baada ya kushika hela yake, akawa mwema kabisa. Akatupeleka mwenyewe kwa fundi, anaitwa Sanga, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Huyu ndiye aliyenionyesha kazi. Akaweka jeki, akainua mbele yote, tairi zikaning'inia hewani.

"Geuza, mzee."

Nikageuza. Mzito vilevile.

"Basi si tairi wala upepo. Tairi haigusi kitu na bado mzito."

Akaingia chini, akafungua zile fimbo mbili zinazotoka kwenye stelingi kwenda magurudumu, akasukuma gurudumu kwa mkono. Likaenda na kurudi kama mlango uliopakwa grisi. "Chini pazima," akasema. "Hakuna jointi iliyokauka, hakuna kilichopinda. Ugonjwa uko juu." Akarudishia. Akaniambia nigeuze usukani injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inawaka. Uzito ule ule.

"Unaona? Gari hili lina pampu ya kukusaidia kugeuza. Injini ikiwaka ulitakiwa upate nafuu. Pampu inalia tu, haisaidii."

Akakuta mkanda wa pampu umelegea, akaukaza. Halafu mkono wake ukaenda kwenye kile kifuniko.

"Hapo usifungue," nikamwambia. "Nimejaza mwenyewe."

"Ulijaza nini, mzee?"

"Kijana, mimi nimeendesha lori kabla baba yako hajaoa."

Akauondoa mkono kama aliyeshika kaa la moto. "Samahani, mzee. Shikamoo tena." Tukiwa tunaondoka akainama dirishani, akasema polepole bila kuniangalia usoni, "Mkanda usipotibu, mzee, kumbuka kile kifuniko."

Niliona ana kiburi. Wakati huo ilikuwa inakaribia saa sita, jua limewaka, na baada ya mwendo kidogo usukani ukalainika. Nikamwambia Mama Tumaini, "Unaona? Mkanda."

Kitonga

Katika mteremko wa Kitonga lori lilikuwa limekatika ekseli likakaa katikati ya njia. Tulisubiri kwa saa nne. Watu walishuka kwenye magari, wakatandika kanga kando ya mlima, wauza mahindi ya kuchoma wakatokea hata sijui walitoka wapi. Mama Tumaini alikuwa ametafuna hindi nusu aliposema:

"Asubuhi linalia, mchana linanyamaza. Jana hivyo, leo hivyo."

"Mafundi wawili wamelitibu."

"Au limetibiwa na jua."

"Ufundi umejifunza wapi wewe?"

"Kwenye kuwasha jiko."

Nikanyamaza, si kwa kukubali. Nilikuwa na hindi mdomoni.

Pale pale kwenye foleni alikuja dereva wa lori jingine, amesikia namna ninavyosema akajua mimi ni wa kaskazini. "Wa wapi, meku?" yaani mzee kwa Kichaga. Nikasema Kibosho, yeye akasema Rombo. Tukaanza Kichaga kwa furaha, na baada ya sentensi mbili kila mmoja akawa anamwangalia mwenzake mdomo. Kichaga chao na chetu ni kama mashina mawili ya migomba, ukiyatazama kwa mbali ni mamoja. Tukarudi kwenye Kiswahili. Akaniuliza, "Na wewe unakwenda Krismasi kila mwaka?"

"Krismasi tisa sijakwenda."

Hakusema kitu. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba isiyo na paa. Halafu akanipa nusu ya mkate wake, akaenda. Nimezungumza na watu wengi katika safari hii, lakini yule ambaye hakusema kitu ndiye ninayemkumbuka sana.

Morogoro hadi Kiboriloni

Morogoro tulilala kwenye joto la kuvua shati. Asubuhi niliwasha gari nikisubiri nguruwe. Kimya. Nikageuza usukani kwa kidole kimoja, kidole hiki cha shahada, nikamwonyesha Mama Tumaini mara tatu.

"Limepona," nikasema.

"Na kumepambazuka na joto," akasema yeye.

Chalinze, Korogwe, Mombo, gari lilikwenda kama linajua kwao. Tulinunua machungwa, tukala nyama ya mbuzi Same, na kuanzia Same sikuweza tena kula. Milima ya Upare ilikuwa kulia kwetu, na mimi natazama mbele, natafuta ule mlima mwingine, wa kwetu. Haukuonekana. Ulikuwa umejifunika mawingu mpaka miguuni. Nilitaka kuuonyesha kwa mke wangu, nikawa namwonyesha wingu. "Uko pale," nasema. "Pale nyuma." Kwa mara ya kwanza katika safari hakunitania. Akasema, "Nauona."

Kiboriloni soko lilikuwa limefurika, siku tatu kabla ya Krismasi, kila mtu ametoka Dar na Arusha na masanduku. Niliteremsha kioo ili harufu iingie. Ndizi mbivu, ngozi mbichi, vumbi, mitumba. Mama mmoja alikuwa anagombana na mwuza nyama kwa Kichaga cha kwetu hasa, cha Kibosho, matusi mazuri ambayo sikuwa nimeyasikia miaka mingi. Nikasimamisha gari nikamsikiliza mpaka alipomaliza.

Kibosho

Barabara ya kwetu ni ya mawe na tope, lakini gari lilikuwa limeshapata joto kutoka mbali, likapanda vizuri. Tukafika kihambani, penye nyumba yetu na migomba, jua halijazama. Nikapiga honi njia nzima katikati ya migomba. Nawaambia ukweli, nilipiga honi kama mwendawazimu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwacha mnene, nikamkuta amebaki kama nguo iliyoanikwa. Nikamwamkia. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akapapasa masikio, akapapasa upara.

"Umenenepa," akasema. "Umechelewa, lakini umenenepa."

"Nimekuja na gari, mama. Langu mwenyewe."

"Nimelisikia."

Akaomba apelekwe. Akaligusa kuanzia nyuma hadi mbele, akaweka kiganja juu ya boneti lenye moto, akakiacha hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama nikifikiri juu ya rangi. Nilikuwa nimelichagua jekundu ili alione kutoka mbali.

Tulikula mtori, tukanywa mbege, na Mama Tumaini akasifiwa kwa viazi. Mama akasema, "Kesho Kahe. Asubuhi, kama tulivyokuwa tunakwenda."

Kesho yake ukungu ulikuwa umekaa kwenye migomba hata jikoni kutoka mlangoni huoni. Niliwasha. Nguruwe akalia kijiji kizima kikasikia. Nikageuza usukani ili nitoke uani, haukwenda. Nikasimama nusu kwenye kiti, nikauvuta kwa mikono miwili na mguu nimekaza sakafuni, ukatembea kidogo, nikatoka uani kwa kurudi nyuma na mbele mara saba. Jasho linanitiririka na majirani wameshakuja kutazama gari la Kalisti.

Aloisi, mdogo wangu, ni mkulima mtulivu, hapandishi sauti. Akaja dirishani. "Kaka, gari hili halishuki na mama. Barabara unaijua. Tuazime gari la jirani, lipo, wamekwisha kubali."

Nilijua ana haki. Njia ile ina kona zenye korongo upande mmoja. Na nilijua pia kwamba mafundi wako mjini na kesho yake wangefunga kwa sikukuu, kwamba nilipaswa kurudi Tunduma mara baada ya Krismasi, na kwamba sitakuwa na mwaka mwingine. Nikashuka nikamwambia mama, "Mama, gari linaumwa. Twende na la jirani."

Alikuwa amekwisha vaa. Kitenge kipya, kitambaa cheupe kichwani, na mkononi kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba.

"La jirani ningekwenda nalo mwaka juzi," akasema. "Na mwaka wa juzi yake. Aloisi aliniambia twende na basi, nikakataa. Nilisema Kalisti amesema lake mwenyewe."

Mnaona? Kumbe neno langu lilikuwa limetufunga wote wawili. Mimi kule nasubiri gari, yeye huku anasubiri mimi, na macho yanakwenda.

Nikamwinua nikamweka mbele. Aloisi akapanda nyuma, akasimama ameshika chuma kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine. Mama Tumaini akabaki kumenya ndizi, lakini kwanza alikuja dirishani kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Nenda kama mtu aliyebeba mayai."

Kushuka

Nilikwenda gia ya kwanza. Kila kona nilianza kuuvuta usukani kabla kona haijafika. Mabega yaliniwaka. Sikuwa na pumzi ya kuongea, na mama hakuniongelesha. Alikuwa ameweka kibuyu miguuni, pale panapotoka joto la injini, na mara kwa mara anakiinua hadi sikioni, anakitikisa.

"Bado," anasema. "Imeganda."

Kona nyingine. "Hii ndiyo kona ya kanisa," akasema. Ilikuwa ndiyo. Mbele kidogo akasema, "Sasa tumevuka mfongo," na kweli tulikuwa tumevuka ule mfereji wa maji. Nikashangaa, nikapata pumzi ya kuuliza, "Mama, unaona?"

"Nakusikia wewe. Ukihema sana ni kona. Ukihema kidogo pamenyooka. Barabara haijabadilika."

Tukapita Moshi mjini, tukapita Kiboriloni, tukaingia barabara ya vumbi ya kuelekea kusini. Ukungu ulikuwa umebaki juu. Jua likaingia kwa kioo cha mbele, mashamba ya mahindi na mifereji pande zote, joto linapanda kutoka ardhini. Mama akafungua vifungo vya sweta. Akainua kibuyu akakitikisa.

Kikalia. Maji kabisa, chopochopo.

"Tumefika Kahe," akasema.

"Bado kidogo, mama."

"Samli imeyeyuka, tumefika. Tulikuwa hatuangalii njia, tulikuwa tunasikiliza kibuyu. Kibosho inaganda, Kahe inayeyuka." Akageuza sikio kuelekea kwangu. "Na wewe umeacha kuhema. Na lile lililokuwa likilia limenyamaza."

Hapo ndipo nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia. Nilikuwa nageuza usukani kwa viganja tu, na sikuwa nimegundua.

"Kalisti," akasema mama, "humo ndani umetia mafuta gani?"

Mnielewe. Mjaza upepo aliniheshimu. Sanga aliniheshimu, hata akaniamkia mara mbili. Mke wangu nilimkata kauli. Duniani kulikuwa kumebaki mtu mmoja tu ambaye siwezi kumwambia "hapo usifungue," naye haoni, na hajawahi kufungua boneti maishani.

"Oili ya gia," nikasema. "Ile nzito. Tulikuwa tunaitia kwenye stelingi ya lori."

"Na lori lilikuwa na hii pampu?"

"Halikuwa nayo."

"Mh," akasema mama. Akaweka kibuyu mapajani.

Tulisimama kwenye nyumba ya kwanza yenye watu. Mama aliomba ashushwe, akavua viatu, akakanyaga mchanga ule wa moto. Akasimama tu. Mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayekunywa. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akatoka akamwamkia, akashangaa bibi wa mlimani anafanya nini. Mama akampa samli.

"Nataka chungu," akamwambia.

"Ee bibi, siku hizi hatufinyangi. Tuna ndoo za plastiki."

"Chochote cha udongo."

Yule mama akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na chungu kilichomeguka mdomo, alichokuwa akiwatilia kuku maji. Akakisuuza kwa aibu. Mama akakipokea, akakipapasa ukingo mzima, kidole kikaingia kwenye pengo kikatoka. Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu baba akiwa hai.

"Chetu cha mwisho kilivunjika hapa hapa," akasema. "Kwenye mdomo."

Macho yake yalikuwa yanatazama juu, mahali pasipo na kitu. Nilitaka sana aone. Tisa tu, Krismasi tisa nyuma, angeona.

Kupanda

Kiboriloni nilisimama kwa fundi, mtu mnene mwenye gereji ya mabati. Nikafungua boneti mwenyewe, nikafungua kile kifuniko mwenyewe. Akachovya kidole, akanusa, harufu ya yai viza ikamrudisha nyuma.

"Mzee, nani kaweka hii?"

"Mimi."

"Basi pampu yako ilikuwa inavuta uji kwa mrija! Penye baridi haipiti kabisa, penye joto inapita kwa shida. Una bahati haijavunjika."

"Fanya kazi," nikasema. "Maneno ninayo ya kutosha kutoka kwa wakubwa zako."

Akaimwaga yote, akasafisha mipira, akajaza haidroliki, ile oili nyembamba nyekundu niliyokuwa nimeimwaga Tunduma nikiidharau. Akaniambia nizungushe usukani mwisho huku na mwisho huku, hewa itoke. Ukazunguka kwa kidole, bila mlio, na gari likiwa limesimama. Aloisi akaweka rozari mfukoni.

Tukapanda. Ukungu ulikuwa ukiturudia, baridi ikaingia, na usukani ukabaki mwepesi. Nilifurahi peke yangu kwa muda. Halafu mama akauliza, "Tumefika wapi?"

"Tumetoka mjini, mama."

Baada ya muda: "Sasa tuko wapi?" Sauti yake ilikuwa na wasiwasi. "Sikusikii."

Nikaelewa. Sikuwa nahema tena. Gari halikuwa likilia. Nilikuwa nimemfungia barabara yake.

Basi nikaanza kumtajia. "Hapa ni daraja, mama. Hapa kulikuwa na duka la mafuta ya taa, limefungwa. Mfongo huu. Sasa nakata kona ya kanisa. Kahawa ya jirani imekatwa, amepanda nyanya. Sasa migomba yetu imeanza, wa kwanza una mkungu mkubwa." Aliitikia kila kimoja, "Ee," chungu kimelala mapajani, mpaka nilipozima gari uani.

Niliondoka baada ya Krismasi. Aliniaga akiwa kitandani, hakuja mlangoni, ila alisema, "Njiani utaje." Nilifikiri ni maneno ya uzee.

Ndiyo hiyo. Usukani ni mwepesi sasa, hata mtoto ataugeuza. Mkiniona barabarani ninatembeza midomo, siongei peke yangu. Nimepita daraja, namwambia mama. Nimekata kona, namwambia.